Dakika za Kiti: Mwongozo wa Kupanga Muda kwa Daktari wa Meno Mwenye Kliniki Yake Mombasa

Mwaka wa kwanza wa kliniki yangu nilikuwa nafungua mlango saa mbili asubuhi na kurudi nyumbani saa tatu usiku, na bado mwisho wa mwezi nilikopa ili nilipe mishahara. Wagonjwa walikuwepo, wengine wakikaa kwenye ngazi kwa kukosa viti. Nilijiambia kazi ni nyingi kuliko mikono. Kumbe kiti cha matibabu kilikuwa kikikaa kitupu karibu theluthi ya siku, nami niko hapohapo pembeni yake: naongea na simu, nasubiri koleo litoke kwenye mashine, nabishana na bima, natafuta karatasi ya mwenye nyumba.

Mwongozo huu ni wa daktari mwenye kiti kimoja au viwili, msaidizi mmoja na mpokezi mmoja. Mwenye kliniki ya viti sita ana meneja, na shida zake ni za aina nyingine.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujapanga

Usinunue programu yoyote ya miadi kabla ya kufanya hili. Chukua daftari la mistari, lile la shule, na kwa siku 12 za kazi msaidizi wako aandike mambo matano kwa kila mgonjwa: saa aliyopewa, saa aliyofika, saa aliyoketi kwenye kiti, saa aliyoinuka, na saa kiti kilipokuwa tayari kwa mwingine. Aandike yeye, kwa sababu wewe umevaa glavu. Pembeni aweke neno moja la sababu pale ambapo muda umepotea: vyombo, simu, bima, maji, stima, feri, ganzi, hela. Neno moja tu. Ukimwambia aandike maelezo, siku ya tatu ataacha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dakika nazo ni mali. Nilipojumlisha daftari langu nilishangaa. Kila siku nilikuwa nalalamika kuhusu feri ya Likoni. Feri ilikuwa ya tano. Ya kwanza ilikuwa "vyombo", ya pili "simu", na simu nyingi kati ya hizo zilikuwa zangu mwenyewe.

Kisha tafuta bei ya dakika. Jumlisha kodi, mishahara (na wako uuhesabu, usijifanye malaika), stima, maji, dawa na vifaa, mkopo wa kiti. Tuseme inafika shilingi 420,000 kwa mwezi. Ukiwa kwenye kiti saa 6 kwa siku, siku 25, hizo ni saa 150. Gawanya: kila saa inakugharimu 2,800, yaani karibu shilingi 47 kwa dakika, kabla hujapata faida hata ya chai. Kiti kikikaa kitupu dakika 20 mara nne kwa siku, mwisho wa mwezi umetupa karibu shilingi 93,000. Weka takwimu zako badala ya hizi, kisha uzibandike ndani ya mlango wa kabati ambapo wewe na msaidizi mtaziona, lakini mgonjwa hatazisoma.

Hatua ya pili: chora siku upya

Gawa siku kwa vipande vya robo saa. Kila matibabu yapewe vipande kulingana na daftari lako. Usifuate kasi unayoitamani, wala ile ya rafiki yako wa Nairobi. Kwangu kung'oa jino la kawaida ni vipande viwili, kuziba ni vitatu, kusafisha meno vitatu, kutibu mzizi wa jino la mbele vinne, mzizi wa gego sita au ziara mbili. Gego la mwisho lililolala chini ya ufizi nalitengea vipande sita, na likimalizika kwa vinne nashukuru Mungu na kunywa maji.

Mpangilio wa siku una sababu za kitabibu kabla ya sababu za biashara. Asubuhi weka kazi nzito, mkono na macho yakiwa bado mapya. Mgonjwa wa kisukari naye aje asubuhi, baada ya kula na kumeza dawa zake kama kawaida, maana ukimchelewesha hadi wakati wa chakula sukari yake inaweza kushuka akiwa amelala kwenye kiti chako. Watoto wadogo pia ni wa asubuhi. Mtoto wa saa tisa alasiri ameshachoka, na utatumia robo saa kumbembeleza afungue mdomo.

Kung'oa meno kufanyike mapema mchana, ili damu ikirudi kutoka, irudi kliniki ingali wazi. Siku ya wiki nayo ina maana yake. Baada ya kung'olewa jino, shimo lililobaki kavu kwa kupoteza damu iliyoganda huanza kuuma vibaya siku ya pili hadi ya nne. Ukiling'oa gego gumu Alhamisi, simu yako italia Jumapili. Mimi magego magumu nayaweka Jumatatu hadi Jumatano, na tangu nianze hivyo Jumapili zangu zimepungukiwa na drama.

Acha nafasi mbili tupu kila siku, moja saa tano asubuhi na nyingine saa tisa alasiri, kwa ajili ya jino lililoamka na mwenyewe. Maumivu hayachukui miadi. Usipoyatengea nafasi yatajichukulia, na yatachukua ya mama aliyefika kwa wakati. Lakini mgonjwa wa dharura apewe kazi ya dharura tu: mwondolee maumivu, iwe kwa kulifungua jino, kuling'oa au kuondoa usaha, kisha mpe tarehe ya kurudi. Kishawishi cha kusema "basi tumalizie kabisa" ndicho kilichokuwa kikinipeleka nyumbani saa tatu usiku.

Sasa habari ya mji wenyewe. Mombasa ni kisiwa, na mtu huingia kwa daraja la Nyali, kwa Makupa au kwa feri. Mpokezi anapoandika miadi aulize swali moja la ziada: "Unatoka wapi?" Anayevuka Likoni, awe wa Ukunda au wa Mtongwe, nampa kuanzia saa nne, msongamano wa wafanyakazi ukishapungua. Wa Kisauni na Bamburi vivyo hivyo, kwa sababu ya daraja. Nafasi ya kwanza ya siku naiweka kwa watu wa miguu: Mji wa Kale, Ganjoni, Tudor, Buxton. Hao hao ndio orodha yangu ya akiba. Mgonjwa akishindwa kuja, mpokezi anampigia mtu wa Kibokoni aliyekuwa anasubiri wiki ijayo, na dakika 15 baadaye ameshafika na kanzu yake.

Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, usiandike kitu. Na usiweke mzizi wa gego saa tano siku hiyo, kwa sababu utakapokuwa katikati ya mfereji wa tatu wa mzizi, mgonjwa ataanza kutazama saa ya ukutani na wewe utaanza kuharakisha.

Kuna mtego mmoja uliniuma kweli. Niliwahi kuajiri mpokezi kijana, mchapakazi, aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza. Bibi mmoja akapiga simu akaomba saa tatu. Kijana akaandika 3:00, na kichwani mwake hiyo ilikuwa alasiri. Kesho yake saa tatu asubuhi bibi yuko mlangoni na mjukuu wake. "Mwanangu, mimi niliambiwa saa tatu, na saa tatu ndiyo hii." Kwenye kiti kuna mtu mwingine, na alasiri ile nafasi yake ikakaa tupu. Makosa mawili kwa neno moja. Tangu siku hiyo sheria ni hii: kwenye daftari na kwenye ujumbe wa simu, saa huandikwa mara mbili, na sehemu ya siku hutajwa. "Jumanne saa tatu asubuhi, 9:00." Mgeni wa hotelini ataelewa, na bibi ataelewa.

Dakika za ganzi

Sindano ya ganzi kwenye meno ya juu hufanya kazi baada ya dakika chache. Ya taya la chini, ile inayopigwa nyuma karibu na mshipa wa fahamu, huchukua zaidi, na jino lenye kiini kilichovimba linaweza kuikataa hata mdomo mzima ukiwa umekufa. Mwenye kiti kimoja husimama tu akisubiri. Wenye viti viwili humwacha mgonjwa na msaidizi, wakaenda kumtazama mwingine kwa dakika tano: kumtoa nyuzi, kutazama kidonda cha juzi, kusoma eksirei. Basi ndivyo ziara fupi zipangwe, zianze robo saa baada ya ziara ndefu. Kama una kiti kimoja, tumia dakika hizo kuandika kumbukumbu za mgonjwa aliyetoka. Ila usimwache mtu aliyepigwa ganzi peke yake chumbani. Wako wanaozirai, na huzirai wakati huohuo.

Hatua ya tatu: hesabu seti zako

Hapa ndipo dakika zangu nyingi zilikuwa zimezikwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Chombo kilichotoka mdomoni huoshwa, hukaushwa, hufungwa kwenye pakiti, huingia kwenye otokleve (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), hutoka, hupoa. Kile tunachokiita "kuchemsha" ni dakika chache tu: nyuzi 134 kwa dakika 3 angalau, au nyuzi 121 kwa dakika 15. Muda uliobaki ni mashine kupasha moto, kutoa hewa na kukausha. Mashine yangu mzunguko mzima ni kama dakika 45. Ongeza kuosha na kufunga dakika 20, kupoa dakika 10, na seti moja iko nje ya kazi kwa saa moja na robo.

Wakati huo nilikuwa na seti nne za uchunguzi na ninaona watu 14. Hesabu yenyewe inakataa. Msaidizi alikuwa anawasha mashine kwa ajili ya seti moja moja, kutwa nzima, na mimi nasimama mlangoni nauliza "bado?" Mbaya zaidi, anayeulizwa "bado?" mara kumi huanza kukatisha muda wa kukausha. Pakiti ikitoka na unyevu si safi tena, maana vijidudu hupita kwenye karatasi iliyolowa. Haraka ile ingeweza kumdhuru mtu.

Nilifanya hivi. Nilinunua seti hadi zikafika nane. Bei yake ilinitisha, lakini nilipoigawanya kwa shilingi 47 za dakika ilikuwa imejilipa kabla ya miezi mitatu. Mashine sasa huwashwa mara tatu tu kwa siku ikiwa imejaa: saa nne na nusu, saa saba, na saa kumi. Kila seti ina trei yake na rangi yake ya utepe: kuchunguza, kuziba, kung'oa, mzizi. Jioni msaidizi hupanga trei za kesho kwa kufuata orodha ya miadi, kwa hiyo hakuna kufungua droo nikiwa na glavu. Mara moja kwa wiki tunapitisha kipimo cha vijidudu kuhakikisha mashine inaua kweli. Ni kazi ya dakika chache, na tumeipa siku maalumu, la sivyo husahaulika.

Halafu maji. Visima vingi vya hapa ni vya chumvi, na maji ya chumvi yataiziba otokleve na kula vyuma. Mashine inywe maji yaliyokenekwa peke yake, na mtungi wa akiba uwepo daima. Kwa kunawa na kwa kiti, kagua tangi kila unapofungua, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mfereji ukikauka saa tano ndipo utamtafuta mtu wa mkokoteni na kila duka mtaani linamtafuta yeye.

Stima ikipotea, jambo la kujua mapema ni nini kinaweza kuendelea. Betri ya akiba ikibeba taa na kompyuta bila kompresa (mashine ya hewa inayoendesha drili), basi unaweza kuchunguza, kutoa nyuzi, na hata kung'oa jino rahisi, lakini huwezi kutoboa jino. Andika orodha hiyo na uibandike. Na kompresa yenyewe itolewe maji kila jioni. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na maji yakijaa kwenye tangi lake yataingia kwenye drili. Dakika mbili za jioni, au nusu siku ya fundi.

Simu, ujumbe na ahadi

Simu ya kliniki iwe ya kliniki. Yangu binafsi hukaa droo ya ofisini mpaka saa saba. Watu wa nyumbani wana namba ya mpokezi kwa dharura, na kwa miaka yote hii dharura za kweli nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zaidi ya muda, kuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data. Picha za midomo ya watu kwenye simu ile ile ambayo mtoto wako anachezea si jambo la kufanyia mzaha.

Siku moja kabla, saa kumi alasiri, mpokezi hutuma ujumbe kwa kila aliye kwenye orodha na kuomba jibu. Asiyejibu hadi saa mbili asubuhi hupigiwa simu. Asiyepokea, nafasi yake hupewa mtu wa akiba. Kwa miadi ya zaidi ya saa moja tunaomba sehemu ya malipo mapema kwa M-Pesa. Niliona haya kuanza jambo hili. Nilidhani watu watasema daktari amekuwa mchuuzi. Wawili watatu walinuna, wengine walilipa, na waliolipa walifika. Ahadi ni deni, lakini deni lenye risiti hukumbukwa zaidi.

Picha za saa nne usiku za "daktari hebu angalia hili" tunazijibu kwa ujumbe mmoja ulioandikwa tayari: dalili tatu za kukimbilia hospitali usiku huohuo, ambazo ni uvimbe unaozuia kumeza au kupumua, damu isiyokoma baada ya kuuma pamba nusu saa, na homa pamoja na uvimbe. Mengine yote, asubuhi.

Kuhusu bima nitasema kidogo: idhini ipatikane kabla mgonjwa hajalala kwenye kiti. Nilishafanya mzizi mzima wa gego nikisubiri jibu ambalo "liko njiani", na jibu lilipofika lilikuwa la kukataa. Sasa ziara ya kwanza ni kuchunguza, kupiga eksirei na kutuma maombi. Matibabu huandikwa tarehe baada ya jibu.

Saa za mwenye kliniki

Ndani ya nyumba hii kuna watu wawili, daktari na mwenye mali, na hawawezi kutumia saa moja kwa wakati mmoja. Mwenye mali nimempa Jumatano, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Kiti kimefunikwa, mlango wa ofisi umefungwa. Wauza dawa, mwenye nyumba, fundi na watu wa benki wote huambiwa siku hiyo. Wakija Alhamisi hurudishwa kwa heshima.

Kazi za saa hizo zina kalenda yake. Kodi ya mishahara pamoja na michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya ya taifa) hutakiwa kufika tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo Jumatano ya kwanza ya mwezi ni ya hayo na si kitu kingine. Leseni za KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ni za mwaka, na huendana na alama za mafunzo. Atakayengoja Novemba kuzitafuta alama atakuwa anakesha kwenye vikao vya intaneti wakati wagonjwa wa likizo wamejaa. Kibali cha biashara cha kaunti na leseni ya mashine ya eksirei viandikwe tarehe zake za mwisho ukutani, miezi miwili kabla.

Maabara ya meno bandia niliipa saa moja ya kuchukua kazi kila siku, saa nane mchana, boda mmoja. Kwa hiyo vipimo vyote vya kupiga chapa ya meno hupigwa kabla ya hapo. Kipimo cha alginate, unga unaokorogwa na maji, hakipendi kungoja, na joto letu la Februari na Machi hukigandisha upesi. Tumia maji ya baridi kukikoroga, na kimwagiwe plasta hapohapo kliniki kabla boda hajafika.

Ramadhani

Mwezi huu hauwezi kubebwa na ratiba ya kawaida. Mwenye saumu anaogopa maji ya mashine yasimwingie kooni, na yuko anayeahirisha kila kitu hadi Idi. Wasaidizi nao wamefunga. Mimi hufungua saa tatu asubuhi hadi saa tisa, kazi nzito kwa wasiofunga, uchunguzi na eksirei kwa waliofunga. Kisha usiku tatu kwa wiki, baada ya tarawehe, saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu. Usiku nasafisha na kuziba tu. Kung'oa sifanyi, kwa sababu ileile ya damu: ikirudi saa saba usiku nitakuwa nimelala, na yeye atakuwa anahangaika na tuktuk.

Kufunga

Mgonjwa wa mwisho huketi saa tisa na robo, na hapewi kazi ya zaidi ya vipande vitatu. Saa kumi mashine ya mwisho inawashwa. Wakati inazunguka mimi namalizia kumbukumbu, mpokezi anatuma ujumbe wa kesho, msaidizi anapanga trei na kufungua kompresa itoe maji. Dakika 45 hizo zinatosha, na asiyemaliza ameanza kuzungumza. Msaidizi wangu anakaa Likoni. Saa kumi na moja kasoro dakika chache ameshatoka mlangoni, mkoba begani, ili ateremke kivukoni kabla watu wa bandari na maofisi hawajajaa.